Fosfati Chini ya Sikio la Ndama

Msikilizaji, mvua za kwanza zikishaonja udongo wa Ufipa, mwezi Novemba, maduka ya pembejeo mjini Sumbawanga hayapumui. Bodaboda inaondoka na mfuko mmoja, pikapu inaondoka na kumi, na neno linalosikika kwenye foleni ni lile lile: DAP. Mkulima wa Laela au wa Matai hahitaji kusomewa maandishi ya kwenye mfuko. Anajua kwamba hiyo ni ya kupandia, inakwenda chini pamoja na mbegu, na kwamba ya kukuzia itafuata mahindi yakishafika magotini. Herufi ya mwisho ya DAP, ile P, ni ya fosfati: fosforasi moja iliyozungukwa na oksijeni nne. Ndiyo hiyo hiyo inayochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, ikasagwa kuwa mbolea.

Kabla ya mifuko hiyo kupanda mlima, Wafipa walikuwa na ntumba, yale matuta ya mviringo yaliyofukiwa nyasi ndani ili zioze na kurudisha rutuba. Njia ni mbili, shida ni moja. Mahindi yakikosa fosforasi hudumaa, na majani yake huingia rangi ya zambarau.

Mazungumzo ya leo yanaifuata fosfati hiyo hadi mahali ambapo jicho la mkulima halifiki, yaani ndani ya seli ya ng'ombe anayeugua. Humo haifanyi kazi ya mbolea. Humo ni swichi, na yupo mdudu aliyejifunza kuibonyeza.

Kutoka Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, barabara ya Muze inateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto humpokea mgeni kabla wenyeji hawajamsalimu. Tangu miaka ya 1970 na 1980 bonde hilo limepokea wafugaji wa Kisukuma na makundi yao makubwa ya ng'ombe. Juu kwenye uwanda, familia nyingi zina ng'ombe wachache: wa kukokota plau, wa maziwa, wa mahari. Lakini bondeni au mlimani, mkono wa mfugaji una desturi moja. Ndama akizubaa, akaacha kunyonya, masikio yakalegea, mkono unakwenda kupapasa chini ya sikio. Ukikuta tezi limevimba kama limau, moyo unashuka. Ndigana kali.

Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujibanza sikioni, na kupe wakubwa wa aina hiyo hufurika wakati wa mvua, mkulima anapokuwa shambani na DAP yake. Kupe anabeba kimelea kiitwacho Theileria parva. Daktari Mjerumani Robert Koch alikiona kimelea hicho Dar es Salaam mwaka 1897, kwenye damu ya ng'ombe wa pwani, akakidhania kuwa cha ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye, wakulima wa Kizungu kusini mwa Afrika, ambao mifugo yao ilikuwa imefyekwa na sotoka, walinunua ng'ombe kutoka pwani yetu ili kujaza mazizi. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe hao walishuka bandarini wakiwa wamebeba kupe, na kupe wakiwa wamebeba ndigana. Ndiyo maana huko kusini ugonjwa huu uliitwa homa ya pwani ya mashariki. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba unaua zaidi ya ng'ombe milioni 1 kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika.

Kinachowashangaza wataalamu ni namna unavyoua.

Vimelea vingi vinaingia kwenye seli, vinakula, vinazaana, kisha vinaipasua na kutoka. Theileria haina haraka hiyo. Inaingia kwenye chembe nyeupe ya damu, ile ile iliyotumwa kulinda mwili, na badala ya kuiua inaiamuru izaane. Chembe inagawanyika, kisha inagawanyika tena. Kimelea kinajishikiza kwenye nyuzi zinazoigawa seli, nacho kinagawanywa pamoja nayo, hivyo kila seli mpya inazaliwa ikiwa tayari na mpangaji ndani. Tezi chini ya sikio linavimba kwa sababu ya uzazi huo. Baadaye seli hizo zinatapakaa hadi mapafuni, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani, na ndama asiyetibiwa mara nyingi hafikishi wiki 3 au 4 tangu kupe amuume.

Mwaka 1970, katika maabara ya Muguga nje ya jiji la Nairobi, watafiti Malmquist, Nyindo na Brown walieleza jinsi walivyoziotesha seli hizo kwenye chupa. Zilizaana bila kuchoka, kama seli za saratani. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Saratani ya kawaida hairudi nyuma. Hii inarudi. Ukimuua mpangaji kwa dawa, mathalani buparvakuoni, ambayo wafugaji wengi waliifahamu kwanza kwa jina la Butalex, seli inaacha kuzaana. Kwa hiyo kimelea hakikuivunja mitambo ya seli. Kimeibonyeza tu, na kidole bado kiko juu ya swichi.

Swichi gani? Hapo ndipo fosfati inaporudi.

Karibu kila kazi ya seli inafanywa na protini, na kila protini ni mnyororo wa pete ndogo ziitwazo asidi amino. Pete hizo ni za aina 20, na kati yake 3 zina mahali pa kupachika fosfati kwa urahisi: serini, threonini na tirosini. Vimeng'enya viitwavyo kinasi vinabandika fosfati kwenye pete hizo. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinaibandua. Fosfati ikibandikwa, protini inabadili umbo kidogo, na pengine iliyokuwa imelala inaamka, au iliyokuwa macho inalala. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliligundua jambo hilo mjini Seattle, Marekani, mwaka 1955, walipokuwa wakichunguza jinsi msuli unavyopata sukari yake. Wakalipwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Leo inajulikana kwamba binadamu ana kinasi zaidi ya 500.

Tatizo ni kuiona fosfati yenyewe. Fosfati moja iliyobandikwa inaongeza uzito wa takriban daltoni 80, na daltoni ndiyo kipimo cha uzito wa molekuli. Protini ya kawaida inaweza kuwa na daltoni 40,000. Chukua gunia la mahindi la kilo 100 na uongeze gramu 200, viganja viwili vitatu vya punje, kisha uniambie kwa kulitazama kwa mbali ni gunia gani limeongezwa. Tena gunia hilo limo ndani ya ghala lenye maelfu ya magunia ya kila aina.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa kuzilisha seli fosforasi yenye mnururisho, fosforasi-32, kisha kuangalia ni protini zipi zimeanza kutoa mionzi. Njia hiyo ilifungua milango mingi, lakini ilikuwa na masharti. Nguvu ya fosforasi-32 hupungua nusu kila baada ya siku 14 hivi, kwa hiyo kifurushi kikikwama bandarini au uwanja wa ndege kinafika kikiwa kimechoka. Mtafiti anafanya kazi nyuma ya kioo kinene. Na hata akishaona mionzi, hajajua bado fosfati imekaa kwenye pete ipi ya mnyororo.

Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1979, Tony Hunter wa Taasisi ya Salk huko California aliona kitu ambacho hakikutarajiwa. Alikuwa akichunguza protini za virusi vinavyoleta uvimbe wa saratani, akizitenganisha asidi amino kwa kimiminika cha tindikali. Kimiminika alichotumia kilikuwa cha zamani, na ukali wake ulikuwa umeongezeka bila yeye kukusudia. Tofauti hiyo ndogo ilitosha kutenganisha alama mbili ambazo siku zote zilisafiri pamoja, na alama ya pili ikawa ni fosfati iliyokaa kwenye tirosini. Angetengeneza kimiminika kipya asubuhi ile, asingeiona. Katika seli ya kawaida, fosfati za tirosini ni chache mno, chini ya moja katika kila 1,000. Katika seli zilizogeuzwa na virusi vile ziliongezeka kama mara 10.

Sasa, msikilizaji, tuje kwenye chombo chenyewe: kingamwili.

Neno si geni. Kila aliyewahi kutobolewa kidole katika zahanati ya Mtowisa au Ilemba na kupimwa malaria kwa kile kipande cha plastiki chenye mistari miwili amewahi kutumia kingamwili. Mstari hujitokeza kwa sababu kwenye kile kikaratasi zimepangwa kingamwili zinazoikamata protini ya kimelea cha malaria na si kitu kingine. Kipimo cha mimba cha duka la dawa ni kingamwili vilevile, ila zake zinakamata homoni ya ujauzito. Mwili wa mnyama ukikutana na kitu kigeni hutengeneza protini zenye umbo la manati, na ncha mbili za manati hiyo hushika kitu hicho kama ufunguo unavyoshika kufuli lake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, kule Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, kwa wingi, kutoka kwenye seli za panya zinazooteshwa maabara.

Wazo lililofuata lilikuwa la kijasiri. Kama kingamwili inaweza kuitambua protini, je, inaweza kuitambua fosfati moja tu juu ya protini? Mwaka 1981 kundi la David Baltimore huko Marekani lilitangaza kingamwili iliyoshika tirosini yenye fosfati. Upande wa serini kazi ilikuwa ngumu zaidi. Tirosini ina duara kubwa la kaboni, kwa hiyo inaposhikwa na kingamwili kuna mahali pa kushika. Serini ni ndogo, na fosfati yake haitoi mshiko wa kutosha peke yake. Ikabidi kingamwili ifundishwe kuishika fosfati pamoja na majirani zake. Maabara ya Paul Greengard jijini New York ilikuwa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo, na mwaka 2000 Greengard naye akapata Nobel kwa utafiti wake kuhusu ujumbe ndani ya ubongo.

Namna inavyotengenezwa haiko mbali na maisha ya kijijini. Watafiti wanaunda kipande kifupi cha mnyororo, pete 10 hadi 15, na kubandika fosfati mahali wanapopataka. Kipande hicho ni kidogo mno kuushtua mwili, kwa hiyo kinaunganishwa na protini kubwa ya damu ya konokono mmoja wa bahari ya Pasifiki. Kisha anadungwa sungura, mara kadhaa, kwa wiki nyingi. Damu yake ikichukuliwa, ndani yake kuna kingamwili za kila namna: zinazoshika konokono, zinazoshika mnyororo hata bila fosfati, na zile zinazotafutwa. Hapo unaanza upepetaji. Maji ya damu yanapitishwa kwenye bomba lililojazwa vipande visivyo na fosfati. Kingamwili zinazoridhika na kipande kitupu zinanasa humo na kubaki. Miongoni mwa zinazopita ndimo zilimo zile zinazodai fosfati iwepo. Mama anayepepeta ulezi kwenye ungo anaielewa kazi hiyo, ila hapa kinachotafutwa kinapeperuka na kisichotakiwa kinabaki kwenye ungo.

Ikifika mezani, kingamwili ya sungura haionekani kwa macho. Inahitaji kingamwili ya pili yenye kutoa mwanga, na hiyo mara nyingi hutoka kwa mbuzi aliyedungwa protini za sungura. Mbuzi anamshika sungura, sungura anashika fosfati, fosfati imeshika protini. Palipo na mwanga ndipo swichi ilipobonyezwa.

Turudi kwa ndama wetu. Jijini Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha Kabete kilichoitwa ILRAD na ambacho leo ni sehemu ya ILRI, alifanya kazi daktari na mtafiti Onesmo ole-MoiYoi, mzaliwa wa Loliondo, Tanzania, aliyesomea Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1993 yeye na wenzake waliandika katika jarida la EMBO kwamba ndani ya seli zilizotekwa na Theileria kuna kinasi moja iliyoongezeka kupita kiasi. Jina lake ni kinasi ya kasini ya 2. Kasini ni protini ya maziwa, na kinasi hiyo iliitwa hivyo kwa sababu wagunduzi wake waliijaribu kwanza kwa kuipa kasini iibandike fosfati. Miaka miwili baadaye, katika jarida la Science, Seldin na Leder wa Harvard walieleza kwamba waliwapa panya ziada ya kinasi hiyo, na baadhi ya panya wakaota saratani ya matezi. Kwenye kichwa cha makala yao waliutaja ugonjwa wa Theileria wa ng'ombe waziwazi. Swali lililoulizwa kuhusu zizi la Afrika Mashariki likawa limeingia kwenye utafiti wa saratani ya binadamu, na leo zipo dawa za kuizuia kinasi hiyo zinazojaribiwa kwa wagonjwa.

Kisha wakaja watafiti wa Bern, Uswisi, chini ya Dirk Dobbelaere, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ILRAD. Mwaka 1997 walionyesha kwamba katika seli zenye Theileria parva kinasi nyingine, iitwayo JNK, inabaki imewaka muda wote, wakati kwa kawaida inapaswa kuwaka na kuzimika. Mwaka 2002, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walichapisha katika Science habari iliyowafanya wengi wasogeze viti. Kwenye seli yenye afya, kundi la kinasi liitwalo IKK limetawanyika, likisubiri kuitwa wakati wa hatari. Likiitwa, linaiondoa breki ya protini nyingine inayoipa seli amri ya kuishi na kutokufa. Ndani ya seli yenye Theileria, IKK haikuwa imetawanyika. Ilikuwa imekusanywa kwenye ngozi ya kimelea chenyewe, mafungu mafungu, tena ikiwa imewashwa. Kingamwili ndizo zilizoyaonyesha mafungu hayo chini ya hadubini, madoa ya mwanga yakikizunguka kimelea. Mpangaji alikuwa ameita mafundi wote wa umeme wa nyumba nzima, akawafungia chumbani kwake.

Zipo sura nyingine tangu hapo. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa Paris waliandika katika Nature kwamba ndugu wa kimelea hiki, Theileria annulata wa Afrika Kaskazini na Asia, anatoa protini yake mwenyewe inayoingia kwenye seli ya ng'ombe, na ambayo kazi yake ni kuzikunja upya protini pale palipobandikwa fosfati kwenye serini au threonini. Walionyesha pia kwamba buparvakuoni inaigusa protini hiyo. Kwa mfugaji hilo si neno la vitabuni, kwa sababu vimelea vikizoea dawa, chupa ile ile ya sindano inageuka maji.

Lakini chombo hiki kina uongo wake, na ni haki usikike.

Kwanza ni maziwa. Karatasi ya kupimia protini inapaswa kufunikwa kabla ya kuwekewa kingamwili, ili kingamwili isijishikize ovyo. Maabara nyingi duniani huifunika kwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kwa kuwa ni rahisi na yanapatikana. Sasa kasini ya maziwa imejaa fosfati kwenye serini zake. Aina moja tu ya kasini, ile ya beta, ina fosfati 5, na ndizo zinazoiwezesha kubeba kalisi kwa ajili ya mifupa ya ndama. Kingamwili inayotafuta fosfati ikiwekwa juu ya karatasi iliyopakwa maziwa inaweza kujikuta katikati ya sherehe: karatasi nzima inawaka. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii wanashauriwa kuacha maziwa na kutumia albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya ng'ombe.

Pili ni kingamwili yenyewe. Chupa ya kawaida ina mikrolita 100, matone mawili matatu, na bei yake ni mamia ya dola. Jina lililoandikwa juu yake ni ahadi ya muuzaji, na ahadi zimewahi kuvunjika. Mwaka 2015 zaidi ya wanasayansi 100 walitia saini wito katika Nature wakitaka kingamwili za utafiti ziwekewe viwango, baada ya matokeo mengi kushindwa kurudiwa katika maabara nyingine. Kwa kingamwili za fosfati upo mtihani mmoja wa haki. Sampuli inagawanywa mara mbili. Nusu moja inaachwa ilivyo. Nusu ya pili inatiwa fosfatasi inayobandua fosfati zote, na moja ya fosfatasi zinazotumika sana kwa kazi hiyo hutolewa kwenye utumbo wa ndama. Kisha kingamwili inaulizwa tena. Mwanga ukizimika upande wa pili, shahidi alikuwa mkweli. Ukiendelea kuwaka, alikuwa anadai kuona asichokiona.

Ukihesabu vilivyoko juu ya meza hiyo unakuta sungura, mbuzi, maziwa ya unga, damu ya ng'ombe na utumbo wa ndama. Ni zizi zima limehamia maabara.

Na zizi lenyewe la Rukwa? Hapo ni vyema kusema ukweli. Kingamwili hizi haziji joshoni. Fosfati ni alama ya muda mfupi. Ndama akichukuliwa sehemu ya tezi pale Muze, fosfatasi zilizomo ndani ya kipande hicho zinaanza kubandua alama dakika hiyo hiyo. Maabara huzizuia kwa barafu na kwa chumvi za floridi na vanadi, lakini hata hivyo saa zinahesabiwa. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Sampuli ingefika ikiwa na protini zake zote, na habari yake ikiwa imeshafutika. Ndiyo sababu utafiti huu umefanyika kwenye seli za chupa, karibu na hadubini. Kijijini ugonjwa unatambuliwa kwa njia za zamani ambazo bado zina kazi: tezi linachomwa sindano, tone linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na mwenye jicho zuri anakiona kimelea ndani ya seli, kile kile ambacho Koch alikiona.

Kinga nayo ina historia ya hapa hapa. Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga miaka ya 1970, kutokana na mchanganyiko wa vimelea hai vya aina tatu, mmoja wao kutoka kwa nyati wa Serengeti. Ng'ombe anadungwa vimelea hao pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, anaugua kidogo au haugui kabisa, kisha anabaki na kinga ya miaka. Masharti yake ni magumu kwa mkoa wenye makorongo: chanjo husafirishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na kirija kimoja kilitengenezwa kwa dozi 40 zinazopaswa kwisha siku hiyo hiyo. Mwenye ndama wawili anahitaji majirani. Ng'ombe aliyechanjwa huvalishwa hereni sikioni, hatua chache tu kutoka pale kupe anapopenda kujificha.

Januari, mvua zikiwa zimekolea, mahindi ya uwandani yameshakula DAP yake. Bondeni, afisa mifugo ameitwa kwa mtu mwenye ndama mmoja. Anashika kichwa, anapapasa chini ya sikio, anasoma kipimajoto: nyuzi 41. Ndama ana kilo 60 hivi, basi anavuta mililita 3 za buparvakuoni na kuzichoma kwenye msuli wa shingo. Ndani ya tezi lile vimelea vinaanza kufa, yale mafungu ya kinasi yanatawanyika, fosfatasi zinabandua kilichobandikwa, na seli ambazo zilikuwa zinazaana usiku na mchana zinanyamaza. Homa inashuka siku chache baadaye, maana dawa ilifika mapema. Asubuhi moja ndama anasimama, anayumba kidogo, anamfuata mama yake hadi kivulini, anasukuma kiwele kwa kichwa mara mbili, na maziwa yanashuka pamoja na kasini yake na fosfati zake.